Presha, Lakini Nani Aliituma?

Kila nikifika nyumbani Nyamira likizoni, shangazi yangu ananiwekea chai, anasogeza sahani ya ndizi, kisha analeta lile swali lake. "Hebu nikumbushe mwanangu, huko Nairobi unasomea nini?" Ninamjibu: dini na maadili tumizi. Ananyamaza kidogo kama mtu anayehesabu chenji ya konda, halafu anasema: "Sasa hayo si kitu kimoja? Mwenye dini si tayari ana maadili? Ama mnalipishwa karo mara mbili?"

Nilikuwa nikicheka tu. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa la daftarini, la kumpa mhadhiri. Jibu la kumpa shangazi nilianza kulipata nje ya darasa, kwenye matanga ya binamu yangu, na mpaka leo sijalipata lote. Ndilo ninalojaribu kuliandika hapa.

Wacha nianze na darasa. Masomo ya dini yalikuwa Jumatatu asubuhi. Kitu cha kwanza tulichoambiwa ni kwamba hatukuja pale kuhubiri wala kuhukumu. Ukisoma imani ya watu, liweke kando kwanza swali la kama ni ya kweli. Uliza inawafanyia nini wanaoishi nayo. Tulimsoma John Mbiti, Mkenya wa kutoka Ukambani, ambaye kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kiliwajibu waliokuwa wakidai kwamba Mwafrika hakuwa na dini mpaka mmishonari aliposhuka melini. Tulimsoma Laurenti Magesa, padre Mtanzania, ambaye hoja yake ni kwamba katika dini zetu za asili jema ni lile linalokuza uhai wa jamii, na ovu ni lile linaloupunguza. Kwa hesabu hiyo mchawi ndiye adui mkubwa kuliko wote, maana anakula uhai wa wenzake.

Alhamisi jioni ilikuwa maadili tumizi, na huko hakukuwa na kuweka kitu kando. Unapewa kisa: mgonjwa anakataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake, daktari afanye nini? Mashine ya oksijeni ni moja na wagonjwa ni wawili, nani apewe? Tulikuwa na zile nguzo nne ambazo Tom Beauchamp na James Childress walizieleza katika kitabu chao cha 1979 kuhusu maadili ya tiba: heshimu uamuzi wa mtu, usidhuru, tenda jema, tenda haki. Kisha unapewa dakika kumi uamue. Ukisema "inategemea", unaulizwa papo hapo: inategemea nini?

Nilizipenda siku zote mbili. Jumatatu nilikuwa mtu wa kuelewa, Alhamisi mtu wa kuamua, na hapakuwa na siku niliyotakiwa kuwa wote wawili kwa pamoja. Mpaka wiki ile tulipoletewa kisa cha kwetu.

Mei 2008, katika vijiji vya Nyakeo na Kekoro, eneo lililoitwa wakati huo wilaya ya Kisii ya Kati, umati wa watu ulipita nyumba kwa nyumba na kuwachoma watu 11 kwa tuhuma za uchawi. Wanane walikuwa wanawake, watatu wanaume, na wengi wao walikuwa wazee wa kutembelea mkongojo. Iliripotiwa kwamba wanakijiji walidai kuokota daftari katika shule ya msingi, daftari lenye kumbukumbu za kikao cha wachawi, eti na orodha ya watakaorogwa baadaye. Daftari! Watu wakafa kwa sababu ya daftari la shule. Kisha Oktoba 2021, katika kijiji cha Nyagonyi huko Marani, wanawake wanne wakapigwa na kuchomwa moto, wakituhumiwa kumroga kijana wa shule. Mmoja wao alikuwa na zaidi ya miaka 80.

Mhadhiri akauliza: "Kuna mtu hapa anatoka Kisii ama Nyamira?"

Kama wewe ni Omogusii na unaishi Nairobi unalijua swali hilo linaelekea wapi. Ukijitambulisha tu, kuna mtu atakuuliza kama na wewe unakimbia usiku. Niliinua mkono nusu. Nikasema: "Sisi hatuko hivyo. Hayo ni mambo ya wachache." Nikaongeza kwamba hata Kilifi wazee wanauawa kwa tuhuma hizo hizo, ndiyo maana kuna Kaya Godoma, mahali pale Ganze ambapo wazee wanaotishiwa wanakimbilia. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Lakini niliyasema ili darasa liniache, na mle ndani hapakuwa na neno hata moja kwa ajili ya wale wanawake wanne.

Jumatatu iliyofuata nikakiandikia kisa hicho insha ya dini. Nikaeleza kwamba tuhuma ya uchawi ni njia ya jamii kuuliza swali gumu: kwa nini mabaya yametupata? Nikamtaja Evans-Pritchard na utafiti wake wa 1937 kuhusu Wazande. Ghala linaanguka na kuwaumiza watu waliokaa chini yake kivulini. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini lilianguka saa ile, juu ya watu wale. Mchwa hawajibu swali hilo. Uchawi unalijibu.

Alhamisi nikaandika insha ya pili. Uhai ni haki, kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010. Wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, kifungu cha 57. Sheria ya Uchawi tuliyoachiwa na mkoloni tangu 1925 yenyewe inasema ni kosa kumtuhumu mtu kuwa mchawi, ingawa inaacha mlango: ukimpelekea chifu au polisi tuhuma hiyo, huna kosa. Nikahitimisha kwamba waliotenda wana hatia, kijiji kilichonyamaza kina hatia, na sheria ina kasoro.

Alama zilikuwa nzuri kote. Nilizirudia insha zote mbili kitandani usiku mmoja na kitu kikanisumbua. Kama ungempa ile ya Jumatatu mmoja wa waliobeba petroli, angesema: naam, huyu ametuelewa. Na kama ungempa ile ya Alhamisi, angesema: huyu ni mtu wa Nairobi, na angeikunjia sigara. Hakuna hata moja iliyomzuia kuwasha kiberiti.

Desemba miaka miwili baadaye binamu yangu akafa. Alikuwa na miaka 34, fundi wa magari, mtu wa kuinua injini na kucheka. Alitoka Nairobi kuja kula Krismasi na mkewe na watoto. Asubuhi ya tatu akaanguka uani akienda kunawa uso. Tukamkimbiza hospitalini Kisii mjini, akakaa siku mbili bila kusema neno, akaenda. Daktari alituambia ni kiharusi, mshipa umepasuka kichwani kwa sababu ya presha.

Kabla hata ya kuchimba kaburi, grupu ya familia ya WhatsApp ilikuwa imeanza. Mwanzoni ni pole na michango. Halafu ujumbe mmoja wa sauti, mtu anaongea polepole: kijana mwenye nguvu hivyo haanguki bure. Halafu mwingine. Halafu mtu akaandika maneno mawili tu: "Lisemwalo lipo." Methali hiyo tulifundishwa shuleni kama hekima. Siku ile niliiona inavyofanya kazi ya daftari la Nyakeo: mtu anasema, wa pili anarudia, na kufika kwa wa tatu tayari ni ushahidi.

Jina lililotajwa ni la Nyanya Mdogo, mke wa pili wa marehemu babu. Hana mtoto wa kiume. Ana binti mmoja aliyeolewa upande wa Keroka, na kipande cha migomba na chai alichoachiwa na babu. Walisema ameonekana usiku nje ya nyumba ya binamu, amevaa shimizi peke yake, akiulizwa anaenda wapi hana jibu. Kwa anayemtafuta omorogi, hiyo ni picha kamili. Lakini mimi nilikuwa nimekaa naye jikoni wiki ile ile. Aliniuliza mara tatu kwa jioni moja kama nimekula. Aliniita kwa jina la baba yangu. Nyanya Mdogo alikuwa ameanza kupotewa na akili ya uzee, na giza lilikuwa linampoteza njia kwenye boma alilokaa miaka hamsini.

Siku ya mazishi, mchungaji alipofunga kwa maombi, alimsihi Mungu amfichue adui wa boma hili. Macho yalikuwa yamefumbwa, lakini yangu yalikuwa wazi, na niliona ya wengine pia. Yote yalielekea kwenye kiti kimoja cha plastiki chini ya mparachichi.

Hapo nikawaza kama mtu wa Alhamisi: tafuta ukweli, uweke mezani. Nikakumbuka kwamba binamu aliwahi kuniambia kuna kliniki Nairobi walimpima. Nikamuuliza mjane wake. Alilia, kisha akatoa kadi kutoka kwenye begi. Presha ilikuwa imeandikwa tangu mwaka uliotangulia, na dawa aliambiwa ameze kila siku. Alizimeza miezi miwili akaacha, kwa sababu alijisikia mzima na pesa zilikuwa na kazi nyingine.

"Usiisome," mjane akaniambia. "Watasema nilijua nikamwacha afe."

Nikakaa na kadi ile mkononi. Siri ya mgonjwa haifi naye, hilo tulifundishwa. Na mjane alikuwa anajua anachosema, kwa sababu ukimwondolea lawama mwanamke mmoja kwenye boma lenye hasira, lawama haitoweki. Inatafuta mwanamke mwingine. Upande wa pili kulikuwa na mtu ambaye angeweza kuchomwa usiku ule. Nilimweleza hivyo, bila kupamba. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema: "Soma. Lakini usiseme nilikupa mimi."

Kikao cha familia kilikaa kesho yake. Nikasoma kadi. Nikaeleza presha ni nini, kwa nini haina maumivu, kwa nini mtu anaanguka akiwa anacheka jana yake. Nilidhani nimemaliza. Baba mdogo mmoja, mtu mpole, shemasi kanisani, akatikisa kichwa kukubali kila nilichosema. Kisha akauliza:

"Sawa. Ni presha. Lakini nani aliituma?"

Ghala la Wazande likaniangukia. Niliwahi kuiandikia insha sentensi ile, nikapewa alama, na sasa ilikuwa imeketi mbele yangu imevaa koti la baba mdogo na sikuwa na neno. Nilitaka kusema kwamba uchawi hakuna. Nilijua nikisema hivyo nitakuwa nimejitoa kikaoni. Nitakuwa yule wa Nairobi, na kikao kitaendelea bila mimi.

Aliyesema ni dada mkubwa wa babu. Hakuwa ameitwa, alikuwa amekaa kando akichambua mboga. Akasimama, akawaambia baba zangu kwa Ekegusii, na mimi naiweka hapa kwa maneno yangu: yule ni mke wa ndugu yangu, na nyinyi ni watoto wake. Atakayetaka kumvua mama yake nguo hadharani, aanze na mimi. Chinsoni mmeziacha wapi?

Neno hilo, chinsoni, nilikuwa nalo kwenye noti zangu. Ni ile kanuni ya Abagusii ya haya na heshima kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto: mwana haingii chumba cha kulala cha baba yake, mtu hauoni uchi wa aliyemzaa, na mke wa baba ni mama hata kama hakukunyonyesha. Kwenye noti lilikuwa na fasili na mfano. Pale chini ya mparachichi lilifanya wanaume watano wazima waangalie viatu vyao.

Yule bibi hakusema uchawi hakuna. Nadhani anaamini upo. Hakutaja Katiba wala nguzo nne. Lakini alisema "usidhuru" kwa namna ambayo wasikilizaji wake hawakuweza kuiita ya kigeni. Aliichukua imani ile ile iliyokuwa inamtafuta mchawi, akawaonyesha kwamba ndani yake kuna katazo la zamani kuliko woga wao. Mimi nilikuwa na nusu mbili za jibu kwenye madaftari mawili. Yeye alikuwa nalo zima, na hajawahi kukanyaga chuo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kikao kilimalizika kwa azimio: Nyanya Mdogo aende akakae kwa binti yake Keroka "kwa muda, mpaka mambo yapoe". Waliopendekeza walimpenda. Nami niliunga mkono, nikambebea sanduku hadi kwenye matatu. Niliogopa usiku. Nikajiambia kwamba anayebaki hai anaweza kutetewa kesho, anayekufa hawezi.

Bado naamini hivyo, ila sasa naona tulichofanya. Kijiji kiliona mzee akiondoka na sanduku, na kijiji kinajua kusoma. Kama hakuwa mchawi, mbona aliondolewa? Tulimwokoa kwa kukubali hukumu. Mjane naye alipata aliyotabiri: kuna shangazi zangu wawili ambao hawamsalimii. Na ile migomba inalimwa na baba mdogo, yule aliyeuliza swali. Siwezi kusema aliuliza kwa sababu ya shamba. Sioni ndani ya moyo wake, na kumtuhumu bila ushahidi kungenifanya mwandishi wa daftari jingine. Ninachoweza kusema ni kwamba anayeuliza "nani aliituma" aulizwe pia: na nani atavuna?

Sasa turudi kwa shangazi. Dini na maadili si kitu kimoja, kwa sababu mchungaji aliyeomba siku ile ana dini, na maombi yake yalimnyooshea mtu kidole. Lakini siwezi kuvisoma mbalimbali tena. Anayesoma dini peke yake ataelewa kila kitu mpaka aelewe hata moto, na kuelewa kukizidi kunaanza kufanana na kusamehe yasiyo yako kusamehe. Anayesoma maadili peke yake atakuwa na jibu sahihi ambalo hakuna aliyemuuliza, kwa lugha ambayo haifiki chini ya mparachichi. Swali la baba mdogo ni la dini: kwa nini sisi, kwa nini sasa? Mtu aliyefiwa ana haki ya kuuliza hivyo, na kadi ya kliniki haitamtosha. Kazi ya maadili ni kusimama pale pale kwenye swali na kusema: uliza, lia, omba, lakini jibu lako lisiwe mwili wa mtu mwingine.

Juzi nilishuka Keroka kumwona Nyanya Mdogo. Amekonda. Aliniita kwa jina la baba, nikaitika. Aliniuliza kama nimekula, mara mbili. Kisha akaangalia barabara ya kwenda nyumbani, akauliza, safari hii akiwa timamu kabisa: "Migomba yangu nani anaipalilia? Na nyinyi mtakuja kunichukua lini?"

Nikamwambia Desemba. Nilipofika kwa shangazi nikamweleza kwamba nimeomba kikao kingine, na kwamba nataka mambo matatu: arudi nyumbani kwake, apelekwe hospitali wamwangalie ile akili inayopotea, na mjane aombwe radhi mbele ya watu. Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Ni mmoja wa wale wawili wasiomsalimia mjane. Hakunijibu kwa muda mrefu, nami sikumharakisha.

"Hayo umeyatoa kwenye somo lipi," akauliza mwisho, "la dini ama lile jingine?"

Nikamwambia yote mawili.

"Basi Desemba uje na yote mawili," akasema, akaendelea kupepeta. "Mimi kikaoni nitakuwepo. Kuhusu mjane, sijakuahidi kitu."